Mwaka Tuliokataza Kicheko

Simu iliingia nikiwa dukani kwangu Ruangwa, napima ufuta wa mama mmoja aliyetoka Chunyu. Aliyepiga ni mjukuu wa Bi Somoe wa Chiola, kijana ambaye tangu apate akili hajawahi kuniita Hawa, jina langu. "Mtani," akasema, "bibi ametutoka alfajiri. Wazee wanasema ninyi mjulishwe kwanza, tusije tukamzika kimya kimya." Nikaweka kopo chini. Nililia, nililia kweli, mpaka yule mama wa Chunyu akanishika bega akidhani nimefiwa na mzazi. Halafu, machozi hayajakauka, moyo ukaanza kunidunda kwa jambo jingine kabisa. Ilikuwa hamu, hamu ya mtu aliyeingoja zamu yake miaka na miaka, na sasa jina lake limeitwa. Nikafunga duka mchana kweupe, nikamwomba jirani mwenye gari anipeleke, na njia nzima mpaka Chiola, karibu na Nachingwea, dereva maskini hakupata nafasi ya kusema neno. Mimi ni mtu wa kelele, na siku ile nilikuwa na sababu.

Kwa asiyezijua desturi zetu, ukoo wangu na ukoo wa Bi Somoe ni watani. Mtani anaingia kwako bila hodi, anakutukana mbele ya wageni, anakamata kuku wako na kuondoka naye, na wewe huruhusiwi kununa. Ukifa ndiyo kazi yake inapamba moto. Anavaa nguo zako, anatembea kama ulivyotembea, anasema kama ulivyosema, anawazuia wabeba jeneza mpaka wamsihi na kumpa chochote. Watu wanalia huku wanacheka. Msiba usio na watani kwetu ni msiba mkavu, watu hurudi nyumbani na donge kooni. Bi Somoe ndiye alikuwa fundi wa kazi hiyo kuliko wote niliowahi kuwaona, na mwaka niliomjua vizuri ndio mwaka ambao sisi wenyewe, kwa mapenzi yetu yote, tulimkataza kuifanya.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, msichana mwenye miguu mirefu na mdomo usiofungwa, miaka ya tisini ikiwa inaelekea ukingoni. Nikapelekwa Nachingwea kwa Mjomba Bakari kumsaidia mkewe, Mama Zuhura, kumuuguza. Nilipomwona mlangoni sikuamini. Mjomba Bakari niliyemjua alikuwa fundi wa kupuliza salfa. Mikorosho ikianza kutoa maua, ubwiriunga nao huja, ule ugonjwa unaoyapaka maua unga mweupe mpaka yananyauka, na dawa yake ni vumbi la njano la salfa linalorushwa kwa mashine ya kubeba mgongoni. Wenye mashamba wa Likunja, Chunyu na kwingineko walikuwa wanamgombania yeye. Aliingia shambani alfajiri umande ukiwapo, akatoka wa njano mwili mzima, nyusi za njano, amefunga kitambaa puani na sigara iko tayari sikioni. Ujanani mwake pia alipata kifua kikuu, akatibiwa, akapona. Daktari alimweleza Mama Zuhura kwamba kifua kikuu kilikula sehemu yake, sigara ikala yake, na vumbi na moshi vikala yao, kilichobaki ni mapafu yaliyochakaa ambayo hayawezi tena kuupa mwili hewa ya kutosha. Hayatakuwa mapya. Kinachowezekana ni kuyatunza.

Chumba chake nakiona mpaka leo. Kitanda cha kamba, upande wa kichwani kimeinuliwa kwa matofali, na mito imepangwa mpaka karibu na dari, kwa sababu akilala chali alihisi kama mtu amemkalia kifuani. Dirisha dogo linatazama uani, na chini ya dirisha ndiko jogoo wa nyumba alikopenda kuwikia. Kwenye kona, mashine ya salfa imefunikwa gunia, na juu ya msumari koti lake la kazi, mikunjo yake bado ya njano. Asubuhi aliamka na kichwa kinamgonga, midomo mikavu, miguu imevimba. Kutoka kitandani mpaka chooni alisimama njiani mara kwa mara, mkono ukutani, kama anasikiliza kitu ndani ya ukuta. Kuoga kulimchosha kuliko kulima. Hata kula ilikuwa vita, maana hawezi kutafuna na kuhema kwa pamoja, na akichagua kimoja kingine kinamdai. Alikula uji, kijiko baada ya kijiko, akiutazama kana kwamba ni adui. Na bado, miezi ile ya kwanza, alikuwa mtu wa furaha. Hilo ndilo nataka lieleweke. Kifua kilikuwa kibovu vilevile, lakini Mjomba alikuwa bado yuko nyumbani.

Aliyemweka nyumbani ni Bi Somoe. Kila akija mjini kuuza ming'oko yake, vile viazi pori vya kwetu, alipitia kwetu, beseni kichwani, kanga mbili, sauti inatangulia kona ya nyumba. "Hodi sipigi! Marehemu yupo?" Mjomba anajibu kutoka ndani, maneno mafupi mafupi kama mtu anayerusha mawe madogo. "Yupo. Anangoja. Uoge kwanza." Alikuwa ananyanyuka kwenye mito akisikia beseni linatuliwa. Bi Somoe akikaa kwenye kizingiti, anamenya ming'oko iliyochemshwa, anampa kipande laini chenye chumvi na pilipili, anamsimulia ya Chiola, nani kaoa, nani kakimbiwa, na ndoa ya nani inaning'inia. Akiondoka anapita uani, anamtazama jogoo, anasema, "Huyu ananenepa kwa ajili yangu." Mwaka uliotangulia alishachukua jogoo mwingine na Mjomba akajisifu mtaa mzima kwamba kaibiwa.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa kipindi cha masika, alasiri, mvua imekatika, tumekaa barazani wote. Bi Somoe akaanza kusimulia jinsi Mjomba alivyochumbia, jinsi alivyokwenda ukweni na mashine ya salfa mgongoni ili wamwone ni mtu wa kazi, na mashine ikawaka yenyewe ikampaka njano mama mkwe. Sijui kama ilitokea kweli. Mjomba alicheka. Alicheka kile kicheko cha zamani, cha mtu mwenye mapafu mazima, akasahau kwamba hanayo. Kikohozi kikamkamata katikati, kikohozi kikaleta kikohozi, midomo ikawa ya rangi ya zambarau, macho yakatoka, akaanguka ubavu kutoka kwenye kiti. Tulimkimbiza hospitali juu ya keria ya baiskeli, jirani anasukuma, mimi nimemshika mgongo, Mama Zuhura anakimbia nyuma na ndala mkononi. Wakamwekea mpira wa oksijeni puani na akakaa nao siku kadhaa. Bi Somoe alisimama nje ya wodi na beseni lake kichwani, hakulitua.

Mjomba aliporudi, wazee wa ukoo wakakutana kwetu sebuleni. Mimi nilikuwa jikoni napika, mlango wazi, nikasikia yote. Daktari alikuwa amesema asichoke, asikae penye moshi, sigara aisahau. Wazee waliyakubali yote hayo, kisha wakaongeza la kwao. "Kilichomwangusha ni nini?" akauliza mmoja. "Kicheko," wakaitikia. "Basi kicheko marufuku." Ndivyo ilivyokatwa, kwa busara yote, na chai ya rangi ikinywewa. Kuanzia leo anayeingia kwa Bakari aingie taratibu, aseme polepole, asilete habari za kuchekesha wala za kusikitisha. Na watani wasije kabisa. Mama Zuhura ndiye aliyepewa ulinzi, na aliuchukua kwa moyo wote, maana alimpenda mumewe na alikuwa ameiona ile midomo ya zambarau kwa karibu. Bi Somoe hakupinga. Alituma neno kwamba hatakanyaga kwetu tena, hataki kumuua mtani wake kwa mdomo wake.

Nyumba ikawa na adabu ya kutisha. Wageni walivua viatu, wakaingia kwa ncha za vidole, wakasema "pole, Mzee Bakari, Mungu atajalia," wakatoka. Hata mimi, mimi! nikajifunza kunong'ona. Na Mjomba akaanza kutuponyoka. Kwanza aliacha kusikiliza mpira redioni, akasema kelele za watu zinamchosha. Kisha akakataa kunyolewa ndevu. Kisha akageukia ukutani. Ukimletea uji anasema weka hapo, ukirudi umeganda. Ukimuuliza kifua kinasemaje anajibu, "Kipo." Mama Zuhura alifikiri ugonjwa umezidi, wazee wakafikiri kuna mkono wa mtu, jirani akaleta kombe la dua la kunywa. Lakini mimi niliyekuwa nashinda naye nilimwona akihema kama kawaida yake, si vibaya zaidi ya zamani. Kilichokuwa kimezidi kilikuwa kingine. Alikuwa na huzuni nzito ya mtu aliyeacha kungoja chochote, na siku hizi nikikutana na watu wenye maradhi ya kifua ya muda mrefu naitambua kabla hawajafungua mdomo.

Maua ya mikorosho yakaja. Asubuhi upepo ukitoka mashambani ulileta ile harufu ya salfa, na vijana walipita barabarani na mashine migongoni wakipiga soga. Mjomba aliwasikiliza mpaka walipopotea. Jogoo akawika chini ya dirisha. "Hawa," akaniita, bado ameutazama ukuta. "Labeka, Mjomba." "Huyo jogoo. Ni yuleyule?" "Yuleyule." "Somoe hajamchukua?" Nikamwambia Bi Somoe hajaja. Akakusanya pumzi, nikaona mabega yanapanda na kushuka. "Niambie kweli. Mimi nimekufa lini?" Nikasema Mjomba, usiseme hivyo. Akageuka, ilimchukua muda, akanitazama usoni. "Mtu akifa watani wanakuja. Wanavaa nguo zake. Wanamcheza. Hata maiti... hutaniwa. Mimi mmeninyima... hata hilo." Halafu akarudi ukutani.

Nilitoka uani. Nilikuwa nimeelewa! Tulikuwa tumemzika bila watani. Wale wote walioingia kwa ncha za vidole, pole zile zote, kwa mtu wa kwetu zilikuwa na maana moja tu, kwamba mambo yake yameisha. Nikatamani kupiga kelele, lakini nyumba ilikuwa imekatazwa kelele, basi nikakimbia mpaka hospitali kwa Sista Matilda, muuguzi aliyemhudumia wakati wa oksijeni, Mmakonde mnene mwenye kicheko cha kusikika getini. Nikamuuliza waziwazi, kicheko kinaua? Akaniketisha kwenye benchi. Akasema kicheko hakiyali mapafu. Tabu ya Mjomba ni kwamba hewa ikishaingia haitoki yote, na akicheka au akiogopa anavuta nyingine juu yake, ndipo anapokwama. Akijua namna ya kuitoa, atacheka na kurudi. "Mwambie akae, asilale. Viwiko juu ya magoti. Avute kidogo kwa pua, halafu aitoe polepole kwa midomo, kama anapuliza uji wa moto. Ajifunze kwanza akiwa ametulia, ili akija kubanwa mwili ujue pa kwenda. Na akizidiwa mnamleta, msingoje." Kisha akaniuliza anakula, analala, anaongea? Nilipomjibu akatikisa kichwa. Akasema huyo anaugua vitu viwili, kifua na huzuni, na hiki cha pili tusikidharau, kinamwondolea mtu sababu ya kuhangaikia pumzi.

Kesho yake nikaazima baiskeli nikaenda Chiola. Nilikuta Bi Somoe anaanika mihogo, mgongo umenigeukia. "Shikamoo, bibi." "Marahaba. Ntani wangu kafa?" Aliuliza kwa lafudhi yake ya Chiola, bila kugeuka, na mkono wake ukasimama juu ya mihogo. Nikamwambia hajafa, anakuulizia. Akasema haendi, alimwona anageuka rangi kwa mdomo wake yeye, hawezi kuona tena. "Ntu nimemla kuku wake, nimemlia korosho zake, sasa nimle na roho?" Nikamweleza ya Sista Matilda, akasikiliza kwa adabu, haikumwingia. Ndipo nikamwambia maneno ya Mjomba kama yalivyo, kwamba hata maiti hutaniwa na yeye amenyimwa. Bi Somoe akakaa chini, palepale kwenye mihogo. Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Alipoinuka macho yake yalikuwa yamewaka, na nikajua tumeshinda. "Nipe siku nijitengeneze," akasema. "Koti lake bado lipo?"

Nilirudi Nachingwea nakanyaga baiskeli kama mwizi wa baiskeli hiyo. Nikaingia chumbani bila kunong'ona. "Mjomba! Bi Somoe anakuja." Kutoka ukutani, "Lini?" Lilikuwa swali lake la kwanza la mbele, la siku zijazo, tangu masika. Nikasema anakuja ukishajua kupuliza uji. Akanitazama kana kwamba nimerukwa na akili, lakini akakaa. Nikamletea uji wenyewe, wa moto kweli, nikauweka kwenye kigoda mbele yake, viwiko magotini, nikamwambia uupoze bila kuumwaga wala kuharakisha. Mwanzo alikwama, akakasirika, akaniambia niondoke na sufuria langu. Asubuhi iliyofuata akauliza uji uko wapi. Tulifanya hivyo kila asubuhi na kila jioni, mvuke unamrudia usoni, midomo imekunjwa kama ya mtu anayetaka kupiga mluzi, na mimi nikimsimamia kwa ukali ambao sikuwahi kuthubutu kuutumia kwa mtu mzima. Jambo la kuchekesha ni kwamba uji ule akishaupoza alikuwa anaunywa.

Mama Zuhura tulimwambia mwishoni, maana bila yeye isingewezekana. Alikataa katakata. Alisimama jikoni na mchi mkononi, akasema atakayemchekesha mumewe atapita juu yake kwanza. "Akifia mikononi mwenu wewe utarudi kwenu Ruangwa, mimi nitabaki na nani?" Aliyempa jibu ni Mjomba, aliyekuwa amejikongoja mpaka mlango wa jikoni tusimsikie. Akajishika kwenye fremu, akapuliza uji wake wa hewani, akapata pumzi. "Mama Zuhura," akasema, "mimi nitakufa. Leo au baadaye. Nisife nimenuna." Mama Zuhura akamtazama jinsi alivyosimama pale, peke yake, bila kushikwa. Akaushusha mchi, lakini hakuuacha.

Ilikuwa asubuhi, jua zuri, tumemweka Mjomba barazani kwenye kiti chenye mikono. Majirani walikuwa wameshapata habari, wamejazana kwenye ua wa makuti, wengine wameshikilia vifua vyao wenyewe. Bi Somoe alikuwa ndani, amepitia mlango wa nyuma. Mlango ukafunguka na akatoka Bakari. Naapa alikuwa Bakari. Koti la njano, kitambaa puani, mashine mgongoni, mabega yamepanda hadi masikioni. Akatembea kidogo, akasimama. Mkono ukutani. Akahema kwa sauti. Akatembea tena kidogo, akasimama katikati ya ua uliokuwa tambarare kama meza, akautazama kwa chuki. "Mama Zuhura!" akaita kwa ile sauti ya kukatikakatika. "Nani kahamisha kilima... kaja kukiweka... hapa uani?" Hakuna aliyecheka. Watu wote walikuwa wanamtazama Mjomba. Bi Somoe hakuacha. Akajifuta jasho. "Nimechoka. Nimetembea kutoka mbali. Nimetoka kitandani. Nileteeni kiti." Akakitafuta kwa macho. "Kiti kiko mbali? Basi nileteeni kaburi, ndilo liko karibu."

Mjomba akatoa sauti ndogo, kama mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kusikika. Ikafuata nyingine. Kisha kicheko kikamtoka na kikohozi nyuma yake, mwili ukakunjika, nikaona midomo inaanza kubadilika. Mchi wa Mama Zuhura ukaanguka kwenye sakafu. Bi Somoe akabaki ameganda, mashine mgongoni, uso umekauka damu. Nikapiga hatua. Mjomba akainua mkono mmoja, kiganja wazi. Ngojeni. Akaweka viwiko juu ya magoti. Akavuta kidogo kwa pua. Akakunja midomo, akapuliza. Ua mzima ulikuwa unapuliza pamoja naye, wanawake, wanaume, hata Bi Somoe ndani ya kitambaa chake, sote tumekunja midomo kama wehu asubuhi ile. Kikohozi kikamshika tena, akapuliza tena. Taratibu mabega yakashuka. Rangi ikarudi. Akajifuta macho, akamtazama Bi Somoe kuanzia juu mpaka chini, na akazunguka na macho mpaka nyuma. "Endelea," akasema. "Lakini marehemu... hakuwa na makalio hayo."

Kelele iliyopigwa pale sijawahi kuisikia hata kwenye harusi. Mama Zuhura alikaa chini akacheka na kulia mpaka kanga ikaloa. Mimi nilirukaruka mpaka nikamkanyaga jirani. Bi Somoe akamaliza msiba wote wa Mjomba, na sala ya sheikh, na wakwe wanaogombania mashine, na mjane aliyeshaanza kutazamatazama, na kila akifika pa kuchekesha sana anasimama mwenyewe, anainua kidole, anaamuru, "Puliza uji, ntani," anangoja, kisha anaendelea. Hivyo Mjomba akajifunza kucheka kwa mafungu. Wakati wa kuondoka Bi Somoe alivua koti, akalikunja vizuri, akapita chini ya dirisha, akamkamata jogoo. Mjomba alimsindikiza kwa matusi mpaka alipopotea, na jioni akaomba wembe.

Sitaki mtu anielewe vibaya. Mapafu hayakupona. Miguu iliendelea kuvimba, kuna siku alirudishwa kwenye oksijeni, na zilikuwapo asubuhi ambazo ukuta ulimwita tena na yeye akaenda. Lakini sasa tuliijua njia ya kumfuata. Sista Matilda alimwangalia kifua na kumuuliza pia habari za moyo wake, na sisi tulimwita Bi Somoe. Mwaka ule korosho zilipoanza kudondoka Mjomba aliomba apelekwe Likunja, akaketishwa kwenye mkeka akanusa harufu ya mabibo, akawagombeza vijana wa mashine wafunge pua zao sawasawa, kitambaa hakitoshi, wamtazame yeye. Aliishi miaka kadhaa zaidi, mpaka mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Siku ya msiba wake watu walimngoja Bi Somoe avae lile koti. Alikaa kizingitini pale alipokuwa anamenya ming'oko, akakataa. "Yangu nilishamaliza," akasema. "Aliiona mwenyewe."

Basi siku ile ya simu nilifika Chiola jeneza liko tayari. Wajukuu walinipokea na kanga zake mbili na beseni, hawakuuliza kitu. Nikazivaa, nikaliweka beseni kichwani, nikatangulia na sauti, "Hodi sipigi! Marehemu yupo?" na uani watu wakaanguka kwa kicheko na kilio kwa pamoja. Niliyafanya yote, ming'oko, umbea, macho ya kutazama kuku. Nilikuwa na furaha, nasema bila aibu. Wanaume walipoinua jeneza nikasimama njiani. Sikuwadai kitu. Nikaweka mkono mmoja ukutani, mabega juu, nikahema kama alivyohema yeye alipokuwa anahema kama Mjomba, na wazee waliokuwapo asubuhi ile ya Nachingwea wakajua mara moja. "Msimkimbize," nikawaambia wabebaji. "Hapa pana kilima." Wakasimama, jeneza mabegani. Nikakunja midomo, na wale wazee wakakunja ya kwao, tukaitoa pumzi polepole mpaka ikaisha. "Puliza uji, ntani," nikamwambia. Kisha nikasogea pembeni, wakapita naye.